Mjenzi na Masika

Kila mwaka masika yaanzapo, habari moja husikiwa vijijini na mijini. Watu hukutana njiani wakasema, "Mvua ya jana imebomoa nyumba ya fulani." Wasikiao hutikisa vichwa, humpa pole mwenye nyumba, kisha huenda zao, na maneno huishia hapo. Mvua imekwisha kuhukumiwa, wala hakuna aliyeuliza shahidi. Lakini mtu akienda kutazama mahali palipobomoka, aghalabu huona jambo la kumfikirisha. Hatua ishirini tu kutoka penye kifusi imesimama nyumba nyingine. Udongo wake ni ule ule, miti yake ilikatwa katika msitu ule ule, na mvua iliyoipiga usiku ule ni ile ile moja. Kwa nini basi ya kwanza imeanguka na ya pili imesimama? Kama mvua ndiyo mkosaji, mbona imemwonea huyu ikamwacha yule?

Jawabu lake ni hili, nalo lastahili kushikwa na kila kijana atakayekuwa mwenye nyumba siku moja. Mara nyingi mvua haibomoi nyumba, bali hufichua kosa lililofanywa na mjenzi. Jamaa waweza kujenga nyumba yao tangu chini hata juu katika majira mabaya, kama wakifuata taratibu ya kazi. Wakiiacha taratibu hiyo, hata kiangazi hakitawafaa, kwa kuwa kiangazi hupita na masika hurudi.

Kwanza yafaa kukumbuka ya kuwa mvua si mgeni. Katika pwani ya kaskazini ya Tanzania, na katika pwani ya Kenya pia, masika huja kati ya Machi na Mei, pepo za kaskazi zikiisha na kusi ikianza kuvuma. Vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba. Pande za Lindi na Mtwara, na katika bara ya kati kama Dodoma, mvua huja kwa msimu mmoja mrefu, tangu Novemba au Desemba hata Aprili. Iko miaka ambayo mvua huchelewa, na iko miaka ambayo huzidi kipimo, walakini hakuna mzee ashangaaye kuiona. Mgeni ajaye bila kutazamiwa aweza kumkuta mwenyeji hana chakula, na mwenyeji asilaumiwe. Lakini yule ajaye kila mwaka katika mwezi ule ule, akimkuta mwenyeji hakujitayarisha, lawama ni ya nani?

Wako watu wasemao, "Asiyetaka hasara na angoje kiangazi, nyumba haijengwi wakati wa mvua." Neno hili lina ukweli ndani yake, ila si ukweli wote. Wa kungoja ni yule mwenye pa kulala. Je, mtu ambaye nyumba yake ya zamani imeoza nguzo, naye ana mke na watoto watano, atawaambia nini usiku paa likivuja? Na mkulima je? Kiangazi ndicho kipindi chake cha kufyeka na kutayarisha shamba, na siku za jua zinazombakia hazitoshi kumaliza nyumba nzima. Kwa hiyo kazi ya nyumba, hata ikianza jua likiwaka, mara nyingi hukutwa na mawingu njiani. Mjenzi anayengoja mwaka usio na mvua atazeeka angali akingoja.

Lililo bora kuliko kungoja ni kugawa kazi, maana kila kazi ina majira yake. Kiangazi ni wakati wa kukata miti na kuikausha, wa kukata nyasi za kuezekea, wa kufyatua matofali, kuyaanika na kuyachoma katika tanuri. Kazi hizo zikikutwa na mvua huharibika kabisa. Tofali bichi likinyeshewa hurudi kuwa matope, na jasho la mtu huenda na maji. Lakini ziko kazi nyingine zinazopendelea mvua. Ardhi iliyolowa huchimbika kwa urahisi, na mashimo ya nguzo yaliyokuwa yakichukua siku tatu huisha kwa siku moja. Udongo wa kukandika huhitaji maji mengi, na wakati wa ukame maji hayo huchotwa mbali na kubebwa kichwani na akina mama na watoto. Wakati wa mvua hukingwa hapo hapo kiwanjani. Tena siku isiyomruhusu mtu kutoka nje, kamba zaweza kusokotwa na makuti yaweza kushonwa barazani. Hivyo mvua inayosemwa kuwa adui humletea mjenzi maji mlangoni bila ujira.

Taratibu ya ujenzi yenyewe huanza na kuchagua kiwanja, nayo ndiyo kazi ambayo ikikosewa haina marekebisho. Ukuta mbaya waweza kubomolewa ukajengwa upya, na paa livujalo laweza kuezekwa tena, lakini nyumba iliyojengwa katika njia ya maji haina dawa. Bonde humvuta mtu kwa kuwa kisima kiko karibu na bei ya kiwanja ni ndogo. Bei hiyo ndogo hudai salio lake baadaye. Desemba 2011 mvua kubwa zilinyesha Dar es Salaam, na bonde la Mto Msimbazi likafurika. Nyumba nyingi zilifunikwa na maji, watu wakafa, na baadaye jamaa nyingi walihamishiwa Mabwepande, mbali na bonde hilo. Mlima nao una hatari yake. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaushukia mji wa Katesh, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha yao.

Haifai kuwacheka waliopatwa na misiba kama hii, maana wengi hujenga mahali pabaya kwa kukosa pengine. Lakini mwenye nafasi ya kuchagua hana udhuru wa kutouliza. Na awaulize wazee, "Mwaka ule wa mvua nyingi, maji yalifika wapi?" Kisha na atazame kwa macho yake mwenyewe. Matete huota penye maji. Takataka zilizonasa katika matawi ya chini ya miti huonyesha kimo cha mafuriko yaliyopita. Korongo lililo juu ya kiwanja, hata likiwa kavu, ni barabara ambayo maji hayajaisahau. Tena na aende kukitazama kiwanja siku ya mvua, wala si siku ya jua tu; siku ya jua kila kiwanja ni kizuri.

Kiwanja kikiisha kupatikana, kazi ya pili iko chini, penye msingi. Watu wengi hudhani ya kuwa maji huiharibu nyumba kutoka juu tu. Sivyo. Matone yaangukayo kutoka ukingoni mwa paa huchimba ardhi na kurusha matope ukutani. Maji yatiririkayo juu ya kiwanja hula miguu ya kuta. Unyevu nao hupanda ndani ya udongo kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa. Kwa hiyo sakafu sharti iinuliwe kuliko nje, japo kwa kimo cha futi moja, kwa udongo ulioshindiliwa vizuri na kuzungushiwa mawe. Upande wa juu wa kiwanja uchimbwe mfereji wa kuyageuza maji kabla hayajaifikia nyumba. Nguzo zichimbiwe futi mbili au zaidi, na udongo urudishwe shimoni kidogo kidogo, ukishindiliwa kila mara, wala usimwagwe wote kwa pamoja. Miti nayo iwe migumu, isiyoliwa upesi na mchwa. Mikoko husifiwa kwa kazi hii, walakini kuikata kwataka kibali, kwa kuwa hulindwa.

Kazi hii ya chini ina shida moja, nayo ni kwamba haisifiwi na mtu. Nyumba ikiisha, msingi hufichwa. Hakuna mpita njia asimamaye akasema, "Tazama mfereji mzuri!" Watu husifu mlango wa nakshi na rangi ya kuta. Ndiyo sababu wapendao sifa huiruka, wakapeleka fedha yao mahali panapoonekana. Lakini wahenga walisema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Na mvua haipendezwi na nakshi, huenda moja kwa moja mahali palipofichwa, ikauliza kazi gani ilifanywa pale.

Kazi ya tatu ndiyo yenye hekima kupita zote, na mafundi wa pwani waliijua tangu zamani. Fundi wa nyumba ya miti na udongo haanzi na kiambaza. Husimamisha nguzo kwanza, akalaza juu yake mitambaapanya, akainua mwamba, akapanga makombamoyo, akafunga fito, akaezeka makuti. Nyumba huvikwa kofia kabla haijapewa kanzu. Baada ya hapo ndipo kuta hufungwa fito na kukandikwa udongo chini ya kivuli cha paa. Mgeni asiyejua hucheka akiliona paa limesimama juu ya miguu mitupu, kama mwavuli. Lakini fundi ana sababu. Udongo mbichi haustahimili mvua, wala haupendi jua kali. Mvua huuyeyusha na jua huupasua. Ukiwa chini ya paa hukauka polepole na kushikamana, hata kama nje kunanyesha. Nyufa ndogo zitokeazo huzibwa kwa mkono wa pili wa udongo laini. Kwa njia hii jamaa waweza kuendelea na kazi siku nyingi za masika, wakiwa wakavu wao na ukuta wao.

Paa lenyewe sharti litengenezwe kwa kuijua mvua. Paa la makuti au la nyasi lataka mteremko mkali, maji yapate kukimbia. Likilazwa mno, maji hukaa ndani yake na kuliozesha. Pia na litokeze nje ya kuta futi mbili au tatu, ili matone yaanguke mbali na msingi. Yafaa kujua mvua ya kijiji hupiga kutoka upande gani, na upande huo uongezewe paa au ujengewe baraza. Makuti machache yanayoongezwa ukingoni huokoa kazi nyingi ya kukandika upya.

Taratibu hii yaweza kuwafaa hata wajengao kwa matofali. Ni kweli kwamba nyumba ya matofali haiwezi kuezekwa kabla ya kuta zake, walakini yaweza kujengwa kwa sehemu. Katika miji na vijiji vingi huonekana kuta za vyumba vingi zilizosimama wazi miaka mingi, ndani zimeota majani, na mbuzi hulala humo. Mwenyewe alianza kwa nguvu, akachora nyumba kubwa, na fedha yake ikaisha kuta zikiwa zimefika dirishani. Mvua za kila mwaka huingia katika kuta hizo kwa juu, na kila mwaka huondoka na sehemu yake. Laiti angalijenga vyumba viwili akaviezeka, akaongeza vingine kadiri ya uwezo wake, leo angalikuwa amelala ndani. Vyumba viwili vyenye paa ni nyumba. Vyumba sita visivyo na paa ni kisima.

Mfano wa ndugu wawili waonyesha neno hili. Waliachiwa na baba yao kiwanja kimoja, wakakigawa nusu kwa nusu, wakaanza kujenga mwaka mmoja, wote kwa matofali mabichi. Mkubwa alichora vyumba sita na ukumbi. Mdogo alichora vyumba viwili.

Mkubwa akamwambia, "Mdogo wangu, hiki ni kibanda cha kulindia ndege. Watu watakucheka."

Mdogo akajibu, "Kaka, waache wacheke. Watoto wangu watalala pakavu."

Yule mkubwa hakuwa mvivu. Aliamka kabla ya jogoo, akafyatua matofali mengi kuliko ndugu yake, na mikono yake ilijaa malengelenge. Ilipofika Machi kuta zake za vyumba vyote sita zilikuwa zimefika kimo cha bega, na hakubakiwa na fedha ya mti hata mmoja wa paa. Kisha mvua ikaanza, ikanyesha siku tisa. Maji yaliingia katika kuta kwa juu, pembe zikalainika, na ukuta mmoja ukauangukia mwingine, mpaka kazi ya miezi mitano ikawa chungu la matope. Kibanda cha kupanga alichokuwa akikaa nacho kikavuja pande zote. Usiku wa kumi hodi ilisikiwa mlangoni kwa mdogo. Alikuwa ni kaka yake, mtoto begani na mkeka kichwani, na nyuma yake mkewe na watoto wengine wametota.

"Karibu, kaka. Karibuni ndani nyote," akasema mdogo, wala hakuongeza neno. Vyumba viwili viliwatosha watu kumi na mmoja usiku ule.

Asubuhi mkubwa alisimama barazani akaitazama mvua ikianguka kutoka ukingoni mwa paa, mbali na ukuta. Akauliza, "Mdogo wangu, mbona hukuniambia?"

"Nilitaka kukuambia, kaka, lakini mdogo hamfundishi mkubwa."

"Basi leo nifundishe."

Mdogo akajibu, "Tutaanza na vyumba viwili, na paa lake tutalijua kabla ya tofali la kwanza."

Katika mfano huu mkubwa hakushindwa kwa uvivu, wala mdogo hakushinda kwa nguvu. Mmoja alifanya kazi nyingi nje ya taratibu, na mwingine alifanya kazi chache kwa taratibu. Nao uchungu wa mkubwa ni mkubwa kuliko wa mvivu, maana mvivu hupoteza alichokuwa hajakifanya, lakini mwenye bidii asiyefuata taratibu hupoteza jasho lake mwenyewe. Kijana na alikumbuke jambo hili, hasa yule asifiwaye kwa bidii.

Ajengaye kwa saruji naye ana somo lake. Saruji iliyo mfukoni huogopa unyevu. Ikiwekwa juu ya sakafu tupu au ikiegemezwa ukutani, huganda ikawa jiwe kabla ya kutumiwa. Kwa hiyo huwekwa juu ya mbao, mahali pakavu. Lakini saruji ikiisha kujengwa na kushika, mambo hugeuka. Sasa huhitaji unyevu, na mafundi huimwagia maji kwa siku saba au zaidi ili ipate nguvu. Hapo manyunyu humsaidia fundi kazi yake. Mvua ya nguvu ndiyo ya kuchungwa, kwa kuwa huiosha kazi mpya kabla haijashika, na dawa yake ni kuifunika kwa turubai, magunia au majani ya mgomba. Mtu asiyejua hili huilaani mvua yote. Ajuaye huitenga ile ya kupokewa na ile ya kukingwa.

Wako wengine wasemao, "Kuhangaika kwa nini? Tufani ikija, hakuna nyumba itakayosimama." Ni kweli ziko tufani zipitazo nguvu za mjenzi. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikabomoa nyumba, ikazamisha vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu mingi mno. Aprili 1952, miaka themanini baadaye, tufani nyingine iliipiga Lindi. Katika siku kama hizo hakuna wa kumlaumu mwenye nyumba iliyoanguka. Lakini mambo hayo ni ya nadra, na masika ni ya kila mwaka. Si akili kuyafanya yale ya nadra kuwa udhuru wa uzembe wa kila siku. Tena, hata upepo mkali huwa na njia yake ya kukingwa. Upepo huingia chini ya ukingo wa paa na kulinyanyua, na bati hunyanyuliwa upesi likiwa na misumari michache. Basi kombamoyo lifungwe imara kwa mtambaapanya, na mtambaapanya kwa nguzo, na nguzo ishikwe na ardhi, ili paa lising'oke bila kuing'oa nyumba nzima.

Tena wako wanaoona haya kujenga kwa udongo, wakangoja miaka mingi wapate nyumba ya mawe. Haya hiyo haina msingi. Kiambaza kilichokandikwa vizuri chini ya paa zima hudumu miaka mingi, na nyumba ya mawe iliyoachwa bila kutunzwa huanguka. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, nyumba nyingi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Paa likivuja, chokaa hulainika na boriti huoza, na ghorofa hushuka. Hata Beit al-Ajaib, jumba kubwa lililojengwa mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya kulitengeneza ikiendelea. Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe, "Nyumba hii ni ya mawe au ya udongo?" Na liwe, "Nani ataitunza?"

Nyumba ya jamaa haijengwi na baba peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Desturi ya ujima ni ya zamani katika nchi hizi. Mwenye kazi huwaita majirani, hupika chakula cha kutosha, na kazi ya wiki mbili huisha kwa siku mbili. Siku za mvua msaada huu una thamani zaidi, kwa kuwa mawingu yakifunguka nusu siku tu, watu ishirini waweza kuezeka paa zima kabla hayajafunga tena, hali mtu mmoja angalikutwa na mvua juu ya ngazi. Walakini ujima ni deni. Asiyekwenda kukandika kwa jirani yake asishangae siku yake akibaki peke yake na chungu la udongo. Watoto nao wana sehemu yao. Watoto waweza kukanda udongo kwa miguu, kupitisha fito, kukinga maji na kuchambua nyasi. Mtoto aliyeikanda nyumba kwa miguu yake mwenyewe hawezi kuchora kuta zake kwa msumari.

Nyumba ikiisha kujengwa, kazi haijaisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya mvua kuanza, kila nyumba yataka kutazamwa mambo manne. La kwanza, mfereji uzibuliwe majani na mchanga. La pili, nyufa za kuta zizibwe. La tatu, makuti yaliyooza yabadilishwe, na misumari ya bati iliyolegea ikazwe. La nne, miguu ya kuta itazamwe kama mchwa wamepanda. Kazi hizi nne zaweza kufanywa na jamaa mmoja kwa siku chache, na tatu kati yake hazina gharama ila nguvu. Mwanafunzi wa darasa la juu aweza kuzibua mfereji na kuziba ufa bila kungoja kuamriwa.

Basi mvua ikinyesha tena, kijana asikimbilie ndani tu. Na asimame barazani kwao kwa kitambo, atazame maji yaangukako, yapitako na yaendako. Akiyaona yamepinda kuelekea ukutani, na achukue jembe. Masika hayatamwuliza mjenzi nyumba yake ni kubwa kiasi gani, wala iligharimu fedha ngapi. Yatauliza neno moja tu, kama kila kazi ilifanywa mahali pake na kwa wakati wake. Na mjenzi aliyefuata taratibu tangu chini ataweza kulijibu akiwa amelala.